Jeneza Ndani ya Gari la Wagonjwa

Haya, haya, msinivute shati! Tangu wiki iliyopita sijapita sokoni kwa amani. "Mwandishi, kulikuwa na nini ndani ya gari?" Muuza samaki ananiuliza, mwalimu ananiuliza, hata padri kaniuliza baada ya misa. Leo nasema. Ila kama unakula, maliza kwanza, maana mimi mwenyewe nilipokaa kuandika sehemu hii chai ilinishinda.

Tulimwacha Ephrasia barabarani Kanazi, ameshika kitasa cha mlango wa nyuma wa gari la wagonjwa.

Mnakumbuka alifikaje pale. Mumewe, Philbert, amelala juu ya mkeka kule Mkombozi, kijiji kipya cha ujamaa karibu na Muleba. Walikuwa wanajenga ghala la kijiji, gogo likawaponyoka watu, likamwangukia pajani. Nesi wa zahanati alimfunga vijiti na vitambaa, kisha akamvuta Ephrasia pembeni. "Mama, damu inavujia ndani. Akifika hospitali leo atapona. Akilala hapa, sina la kukwambia."

Simu ilipigwa asubuhi kutoka posta ya Muleba. Bukoba wakajibu, "Gari limeshaondoka, lisubirini." Wakalisubiri. Jua likapanda, likasimama utosini, gari hakuna. Vijana wakasema, "Tufunge machela tumbebe wenyewe, kama baba zetu walivyokuwa wakibebana." Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Rugaibula, akawaka. "Machela ni mambo ya kizamani! Serikali yetu ina gari! Wageni wa mkoa wakipita wakute tunabeba watu mabegani kama enzi za machifu?" Machela ikafunguliwa. Ephrasia akaona mume atamfia mkekani, akadandia lori la Hamidi, akaenda kulifuata gari mwenyewe.

Na akalikuta. Limeegeshwa pembeni, gurudumu moja limetolewa, na dereva wake, kijana mmoja wa Kashai anayeitwa Mujuni, amekaa kivulini anakula ndizi mbivu. Mbele ya gari, pale juu ya bampa, yamefungwa majani mabichi ya mgomba.

Ephrasia hakuyatazama majani. Akavuta mlango, ukakataa. Akavuta kwa mikono miwili, kitasa kikang'oka, mlango ukafunguka.

Jeneza!

Jeneza jipya la mbao, limejaa gari zima kutoka huku mpaka kule.

"Funga!" Mujuni akaitupa ndizi. "Funga mlango, mama! Huna adabu? Huyo ni maiti!"

Ephrasia akarudi nyuma, akajitanda khanga vizuri, akapiga goti palepale vumbini. Ndivyo alivyolelewa. Ndipo alipoyaona majani.

Kwa wale wasomaji wangu wa mbali: kwetu, gari lenye majani yale limebeba mtu anayerudishwa kuzikwa kwenye kibanja chake, kwenye migomba ya baba yake. Hasimamishwi. Polisi hamsimamishi, mwenye baiskeli anashuka, mwenye kofia anavua. Na mwenye mgonjwa anamwondoa mgonjwa wake njiani kabisa, maana mgonjwa hakutanishwi na maiti. Dakika ileile alikuwa anapita mama mmoja na mtoto mwenye homa mgongoni. Alipoyaona majani tu, akakata kushoto, akaingia migombani kwa watu, akazunguka huko nyuma na kutokea mbele kabisa.

"Nisamehe, kaka," Ephrasia akasema. "Ni nani aliyetutoka?"

Mujuni akakuna shingo. "Mzee Kamugisha. Wa hapahapa Kanazi."

"Mawe, mama yangu! Mzee Kamugisha!" Ephrasia akashika kichwa. Yeye ni mzaliwa wa Kanazi, Muleba ameolewa tu. Mzee Kamugisha ndiye aliyesimama mahali pa baba yake siku ya mahari.

Akalia kidogo, kwa haki ya yule mzee. Kisha akajifuta.

"Waitu, kaka yangu. Marehemu ameshafika, kwake si mbali. Mshushe, Hamidi hapa atakusaidia gurudumu, halafu twende Muleba. Mume wangu anakufa. Ndiye aliyepigiwa simu asubuhi."

"Nikishamshusha nina safari nyingine."

"Safari gani?"

"Ya ofisi."

"Ofisi gani hiyo inayozidi mtu anayekata roho?"

"Mama, mimi natumwa. Gari hili halitoki bila neno la Bwana Lwakatare, na petroli iliyomo ni ya maiti. Akisema niende Muleba nitakwenda. Hajasema."

Hapa, msomaji, sina budi kumpa Bwana Lwakatare aya yake, ingawa kalamu inanuka nikimwandika. Ni mkubwa wa usafiri. Gari la wagonjwa ni moja, na funguo zake zinalala mfukoni mwa suruali yake. Mama mkwe wake anakwenda sokoni na gari la wagonjwa. Harusi ya shemeji yake, mitungi ya rubisi ilipanda gari la wagonjwa, ikamwagika humo ndani, na mjamzito aliyefuata kubebwa akafika hospitali amelowa pombe chapachapa, wakunga wakamsema kwa ulevi wakati mwenzao ana uchungu wa mtoto wa kwanza. Siku nyingine gari "bovu". Ubovu wenyewe ni kwamba Bwana Lwakatare yuko semina, na suruali anayo yeye. Halafu jioni unamsikia mkutanoni anahubiri ubaya wa unyonyaji, anakohoa, anakunywa maji, anapigiwa makofi. Ptuu!

Tuendelee kabla sijatapika.

Ephrasia alikuwa bado amepiga goti. Akainua uso. Alisikia majembe.

Kwa, kwa, kwa. Hapo tu, ng'ambo ya barabara, chini ya migomba, wanawake wanapalilia maharage. Wanalima na wanaongea na wanacheka.

Akasimama taratibu.

Kwetu mtu akifa, jembe linalazwa. Si la mfiwa tu, la majirani wote. Hagusi mtu udongo mpaka marehemu azikwe, na anayelima siku hiyo watu watamuuliza amefurahia nini. Mwanamke wa Kanazi apalilie maharage na maiti ya jirani iko barabarani? Haiwezekani hata kidogo.

"Mama zangu!" Ephrasia akapaza sauti. "Mbona mnalima na msiba uko mlangoni?"

Wale wanawake wakajinyoosha. "Msiba wa nani?"

"Wa Mzee Kamugisha!"

Wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, akajiziba mdomo, akashindwa. "We Kamugisha! Kamugishaa! Njoo huku, umekufa!"

Kutoka nyuma ya nyumba akatokea mzee wa kanzu na koti, fimbo mkononi, anatafuna kahawa shavu moja limevimba. Alikuja polepole, maana kikohozi kilikuwa hakijamwisha, lakini alikuja kwa miguu yake miwili.

"Nani kafa?"

"Wewe, tata, baba yangu," Ephrasia akasema, na meno yalikuwa yanamgongana kwa hasira. "Huyu dereva anasema umo ndani ya jeneza."

"Mimi? Tangu lini?" Mzee akamsogelea Mujuni, akamkodolea macho. "Ahaa, ni wewe! Si wewe uliyenipeleka hospitali mwezi ule nilipobanwa kifua?"

"Mzee... nilikuacha hali mbaya sana," Mujuni akasema. "Nikajua umeshakwenda."

"Nimekwenda wapi? Nimekuja! Nimekuja kwa miguu kutoka Bukoba, maana nilikuomba unirudishe ukasema gari limeharibika! Na nikiwa njiani likanipita, limejaa matairi!" Akaupiga ubavu wa jeneza kwa fimbo. "Haya, fungua. Nataka kujiona."

Mujuni hakufungua. Mujuni alitimua mbio! Lakini alikuwa amekula ndizi nyingi, na Hamidi ana miguu mirefu. Akamdaka ukosi kabla hajafika mtaroni.

"Unakwenda wapi, bwana?" Hamidi akamwambia kwa upole. "Maiti utamwachia nani?"

Mwanamke mmoja akapachika ncha ya jembe chini ya kifuniko. Misumari ikalia. Wengine wakajifunika nyuso kwa khanga, si unajua, huenda kweli yumo mtu. Kifuniko kikabanduka.

Kahawa!

Kahawa ya maganda, kavu, safi, magunia yamebanwa mpaka pembeni. Harufu ikatoka yote kwa pamoja. Na kila gunia lina neno la rangi ya bluu, MKOMBOZI, herufi ya kwanza imepinda mguu mmoja.

Ephrasia aliijua ile herufi. Philbert ndiye aliyechora magunia ya kijiji. Alimtania siku nzima kwa ile M yake kilema, naye akasema, "Acha ipinde, kahawa haisomi."

Kumbe! Kahawa iliyochumwa na kijiji kizima, kahawa ambayo Mwenyekiti Rugaibula aliwatangazia kwamba imeshapelekwa chama cha ushirika na wasubiri malipo, ndiyo hii imevaa sanda.

"Ilikuwa inakwenda wapi?" Hamidi akakaza ukosi.

"Ziwani! Usinikabe! Inakwenda mwaloni, kuna mtumbwi wa injini. Unaipeleka kisiwa cha Goziba, na kutoka Goziba watu wengine wanaivusha ng'ambo. Mimi dereva tu! Ilifichwa Bukoba. Bwana Lwakatare ndiye alisema tuweke jeneza na majani, hakuna polisi atakayeuliza."

"Na simu ya asubuhi?"

Mujuni akatazama chini. "Bwana Lwakatare alisema, 'Vizuri tu.' Watu wa Muleba wameita gari, kwa hiyo gari likionekana njia ya Muleba hakuna atakayeshangaa."

Nyamazeni kidogo tulimeze hilo. Mtu kapondwa paja, watu wake wamepiga simu wakilia, na bwana mkubwa akasema, "Vizuri tu." Damu ya Philbert ndiyo iliyokuwa ruhusa ya safari. Mimi nimeona mengi katika mkoa huu wa Ziwa Magharibi, nimeona watu wakiiba sukari ya duka la kijiji na blanketi za wagonjwa, lakini hili linanitia kinyaa hata kulitamka.

Ephrasia akatema mate. "Nimepiga goti," alisema. "Nimelia machozi yangu. Nimepigia goti magunia, na mume wangu yuko kule anahesabu pumzi." Akamgeukia Mujuni. "Machela ya gari iko wapi? Kitanda cha mgonjwa kiko wapi?"

"Tulikitoa. Jeneza lilikuwa haliingii."

"Kiko wapi?"

"Kwa Bwana Lwakatare. Mama watoto wake anaanikia maharage."

Hata Mzee Kamugisha aliacha kutafuna.

Mambo yakaenda haraka sasa. Wanawake wakashika jeneza huku na huku, wakalishusha, wakalibwaga kando ya barabara. Hamidi akamsimamia Mujuni mpaka gurudumu likarudi na nati zote zikakazwa. Mtu akaleta nyasi kavu, akazitandaza ndani ya gari palipokuwa na jeneza. Mwingine akaleta mto, mwingine kibuyu cha maji.

"Nani atailinda hii kahawa mpaka polisi waje?" Hamidi akauliza.

Mzee Kamugisha akajifuta midomo, akakaa juu ya jeneza, fimbo magotini. "Mimi. Si jeneza langu?"

Mlango wa nyuma ulikuwa hauna kitasa tena, ulining'inia. Ephrasia akavua khanga yake ya juu, ile ya njano ambayo Philbert alimnunulia Noeli iliyopita, akaufunga mlango nayo kwa nje mafundo mawili, kisha akapenya ndani kwa kiti cha mbele na kukaa juu ya nyasi. Ncha ya khanga ikabaki inapepea nje. Mujuni akashika usukani. Hamidi akaacha lori lake palepale, akakaa karibu na dereva na spana mapajani.

"Endesha," akamwambia. "Tena endesha kama unabeba mama mkwe wa mkubwa wako."

Waliondoka kwa kishindo. Na ajabu ya siku ile, njia ilikuwa nyeupe! Baiskeli zilishuka pembeni zenyewe. Mbuzi waliondolewa. Wazee walivua kofia, watoto wa shule walisimama kimya. Kwenye kizuizi cha barabara, polisi aliinua mti kabla hawajafika, akapiga saluti, akatazama chini kwa heshima.

"Unaona?" Mujuni akasema kwa sauti ya kujipendekeza. "Ndiyo maana Bwana Lwakatare anayapenda majani."

"Funga mdomo," Hamidi akasema, lakini hata yeye alifurahi kwamba wanapita.

Ephrasia naye alifurahi, mimi siwezi kumficha. Alichungulia katikati ya mabega yao, akisali rozari bila shanga. Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya Muleba aliona kundi la wanaume mbele, kama kumi hivi, wamebeba kitu kizito mabegani. Walipoliona gari, wakakata njia mbiombio, wakaingia migombani. Ephrasia akadhani ni mbao za ghala. Akasema moyoni, "Mungu awabariki, wametupisha," na gari likapita likiwaachia vumbi.

Mkombozi. Gari likasimama katikati ya uwanja wa kijiji. Kabla vumbi halijatua, Mwenyekiti Rugaibula akaja anakimbia, tumbo mbele, jasho shingoni. Hakumwona Ephrasia huko nyuma.

"Mujuni! Una wazimu?" alinong'ona kwa nguvu, na kunong'ona kwa Mwenyekiti Rugaibula kunasikika mpaka zahanati. "Unaleta gari hapa mchana kweupe na majani yake? Mzigo umeushusha wapi?"

Mujuni akatazama spana ya Hamidi.

Ephrasia akatokea mlango wa mbele, akashuka mguu mmoja mmoja. "Mzigo gani, Mwenyekiti?"

Rugaibula akajifuta jasho la shingo. "Wa... wa dawa, mama. Dawa za zahanati."

"Dawa zenye M ya Philbert?"

Watu walikuwa wameanza kusogea. Rugaibula akacheka peke yake, akakosa wa kumsindikiza. Ephrasia akamsogelea mpaka wakawa pua kwa pua.

"Sasa nimeelewa kwa nini ulikataza machela. Si wageni wa mkoa. Hakuna wageni wa mkoa! Hukutaka watu barabarani leo. Uliogopa vijana wetu wakutane na jeneza lako wakaanza kuuliza wafiwa ni akina nani. Ukamwacha mtu avuje damu mkekani ili magunia yapite. Na asubuhi ulikuja kumshika mkono, ukamwambia 'pole ndugu'! Kwa mkono huohuo!" Akamtazama toka kichwani mpaka miguuni, akageuza uso pembeni. "Nitakurudia. Sasa hivi sina nafasi na wewe. Philbert! Mleteni Philbert!"

Hakuna aliyejongea.

Joviana, dada yake Philbert, alikuwa amesimama mlangoni mwa zahanati. Nyuma yake mkeka ulionekana. Mkeka mtupu, una doa kubwa jeusi katikati.

"Wifi," Joviana akasema, "kwani hamkukutana nao?"

"Na nani?"

"Na Yoeli. Alichoka kungoja. Alisema mwenyekiti akitaka amfunge, amfunge kesho. Wameifunga machela upya, wamemweka kaka, wameshika njia ya Bukoba wakipokezana mabega. Wanaume kumi. Hamkuwaona? Njia ni hiyohiyo moja!"

"Hatukukutana na mtu," Ephrasia akasema. "Njia ilikuwa nyeupe. Kila mtu alikuwa ana..."

Hakumaliza. Akageuka akatazama mbele ya gari.

Majani yalikuwa palepale. Yamenyauka kwa jua, yamejaa vumbi, lakini yamefungwa imara juu ya bampa, yakimwambia kila mwenye macho: tumebeba maiti, ondoa mgonjwa wako njiani.

"Yesu wangu," alisema. "Nimempita. Nimempita mume wangu."

Aliyarukia yale majani kwa kucha. Akayavuta, akayachana, kamba ikamkata vidole, akaendelea kuvuta. Hamidi alikuja na kisu akaimalizia kamba. Mujuni alikuwa amesimama kando. "Mama," alisema, "nilisahau kuyatoa. Haki ya Mungu, nilisahau."

"Hukusahau," Ephrasia akamjibu. "Umeyazoea."

Wakageuza gari. Vijana waliobaki walikuwa wamemzunguka Mwenyekiti Rugaibula na hakuna aliyekuwa anamwita mwenyekiti tena. Hayo tutayaona, hayakimbii. Sisi tufuate gari.

Safari hii hakuna aliyewapisha. Baiskeli zilikaa katikati ya njia, mbuzi walijilaza barabarani, mzee mmoja aliyekuwa amevua kofia muda mfupi uliopita sasa aliwatingishia fimbo kwa kumrushia vumbi. Mujuni alipiga honi mpaka ikakauka sauti. Gari tupu la wagonjwa, nani alijali? Ephrasia alikuwa ametoa kichwa dirishani, anaita, "Tupisheni! Bojo, tafadhali, tupisheni!"

Kwenye ule mteremko alisimama mtu mmoja kando ya barabara. Yoeli, jirani yao, mzee wa kanisa la Kilutheri, shati limelowa damu begani pale alipoiweka machela. Alikuwa ameshika kofia mkononi. Gari lilipofunga breki akamwona Ephrasia akiruka chini, naye akarudi nyuma hatua mbili kama aliyeona kitu kisichotakiwa kuonekana.

"Shemeji? Wewe... ni mzima?"

"Ni mzima! Yuko wapi?"

"Si tumekuona?" Yoeli akasema. "Lilipita gari la maiti. Tukamwondoa mgonjwa njiani, ndivyo ilivyo, tungefanyaje? Tukamweka kule ndani migombani. Lilipokuwa linapita akatuomba tumwinue kichwa amwombee marehemu. Tukamwinua. Akaiona khanga, imefungwa nyuma ya gari."

Ephrasia akatazama nyuma ya gari. Khanga ya njano ilikuwa bado ina mafundo yake mawili.

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Ile ni ya mke wangu.' Tukamwambia khanga za njano ziko nyingi. Akasema, 'Ile nimeinunua mimi. Lori limemwua.' Shemeji, tulimbembeleza. Tulimwambia twende, Bukoba bado mbali, jitahidi. Maji akayakataa. Akasema, 'Kwenda wapi tena? Nilazeni hapa.'"

"Kwa hiyo mkamlaza?" Hamidi akafoka. "Mkasimama tu?"

"Aliiachia machela, bwana. Alikuwa ameishika tangu kijijini kwa mikono yote miwili. Akaiachia."

Ephrasia hakusikia hilo la mwisho. Alikuwa ameshaingia migombani, kichwa wazi, anasukuma majani kwa mikono iliyochanika. "Philbert! Ni mimi! Philbert, mimi hapa, sijafa! Ni uongo, ilikuwa kahawa! Ilikuwa kahawa tu!"

Aliwaona. Wanaume tisa wameizunguka machela iliyowekwa chini, wamempa mgongo. Aliita tena jina la mumewe. Hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Hamidi alibaki barabarani na spana yake, hajui aende au akae. Akasikia majembe. Ng'ambo ya pili palikuwa na shamba la maharage, na wanawake watatu waliokuwa wakipalilia tangu mchana. Mmoja alisimama, akasikiliza upande wa migomba. Akalilaza jembe lake chini.

Kisha wa pili akalilaza lake.